Ng'ombe Aliyekula Krismasi

“Ng'ombe wako wamekula Krismasi yangu!”

Kokushubira alikuwa amesimama katikati ya njia, mundu mkononi, kanga ameikaza kiunoni, na ng'ombe zaidi ya thelathini wamemzunguka wakicheua bila haya. Mwenye ng'ombe, Muhangi, alivua kofia. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye adabu za wafugaji. Akikosa anazidi kuwa mpole, na hakuna kinachomuudhi mtu mwenye hasira kama mkosaji mpole.

“Shikamoo, mama.”

“Kaa nayo. Marahaba utaipata siku utakayolipa.”

“Mama, hizi ni nyasi tu. Mvua inanyesha, baada ya wiki mbili zitakuwa zimeota tena.”

“Baada ya wiki mbili zitafika hapa.” Akamwonyesha ukucha wa kidole gumba. “Wageni wangu niwakalishe juu ya hiki? Leo tarehe tisa Desemba, Muhangi. Hata kwenu kalenda zipo.”

Mimi nilikuwa upande wa pili wa migomba nachuma maharage. Sitadanganya kwamba niliendelea kuchuma.

Msomaji wa mjini atasema mama huyu ana wazimu, kugombania nyasi. Asikilize basi. Huku kwetu Kibingo, Krismasi haianzi na wali wala nguo mpya. Inaanza na nyasi sakafuni. Nyumba inafagiwa, zinatandazwa nyasi mbichi laini, harufu inajaa mpaka jikoni, na mgeni akiingia anavua viatu mwenyewe bila kuambiwa. Ukitaka kujua nyumba ambayo mama yake ameishiwa nguvu, ingia siku ya Krismasi uone sakafu tupu.

Zamani kila mtu alikata nyasi zake mlimani. Sasa mlima umelimwa kahawa, umepandwa mikaratusi, na panapobaki pameota yale majani makali ambayo hata ng'ombe anayanusa na kuyaacha. Ukiyatandaza, mgeni anaondoka na mikwaruzo makalioni. Nyasi laini zenyewe zimebaki mahali pamoja: kipande kilicho chini ya shamba la Kokushubira, ukubwa wake kama uwanja wa kanisa letu. Marehemu mume wake, Protase, ndiye aliyekitenga. Watu walimcheka. Walimwuliza mtu mwenye akili anawezaje kuacha udongo mzuri hivyo uote nyasi, tena yeye asiye na ng'ombe hata mmoja. Protase akajibu kwamba ng'ombe atanunua.

Hakununua. Alinunua kamba. Aliileta kutoka mnadani akiwa kijana, kamba nzuri ya katani, akaitundika kwenye msumari sebuleni ili siku ng'ombe akifika asikute hakuna cha kumfungia. Kila mwaka pesa ya kahawa ilipotoka, ng'ombe alikaribia. Kila mwaka kikatokea kitu: karo ya shule, bati, ugonjwa. Protase alikufa miaka tisa iliyopita na kamba bado ipo pale ukutani. Kokushubira anaifuta vumbi kila Jumamosi, na ukimwuliza ya nini, anakujibu, “Ya kuwafungia wanaouliza.”

Baada ya mume kufa, zile nyasi akazifanya kazi yake. Kila mwaka, siku mbili kabla ya Krismasi, anazikata umande ukishakauka. Anazilaza kivulini zinyauke kidogo, maana nyasi mbichi mno zinateleza. Anazikung'uta siafu na kupe. Halafu anafunga mafungu kumi na mawili kwa kamba za mgomba, si kumi na moja, si kumi na matatu, na kila fungu lina mwenyewe. Manne ya kigango chetu, kutandaza mbele ya altare na kwenye pango la Mtoto Yesu. Matatu ya nyumba yake. Moja la Bibi Immaculata, ambaye haoni tena, na anasema anajua Krismasi imefika pale pua yake inapomwambia. Matatu ya majirani ambao mwaka huo mkono wao haukuweza. La kumi na mbili ni la Protase. Anamtandazia juu ya kaburi, kule nyuma kwenye migomba, yeye peke yake, na hajawahi kumwita mtu amsaidie.

Na mwaka huu kulikuwa na jambo jingine. Mtoto wake Novath, fundi umeme huko Dodoma, hakuwa amekanyaga nyumbani miaka sita. Kila Krismasi alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na nauli ndani yake. Mwezi wa kumi na moja akapiga simu kwamba safari hii anakuja na mke na binti yao, Vero, wa miaka minane. Kokushubira huwa anaweka simu kwenye spika kwa sababu anaamini sauti ya mbali inahitaji nafasi, kwa hiyo kijiji kizima tulisikia.

“Bibi,” mtoto alisema, “baba anasema kwako Krismasi mnalala juu ya nyasi kama Mtoto Yesu. Kweli au ananidanganya?”

“Kweli kabisa, mjukuu wangu. Baba yako ni mwongo kwenye mambo ya nauli tu.”

“Na mti wa Krismasi upo? Wenye taa?”

“Mti uingie ndani kutafuta nini? Miti iko nje, elfu nzima. Ndani utakuta nyasi. Utabiringika mpaka uchoke.”

Aliahidi hivyo, na ahadi ya bibi kwa mjukuu asiyewahi kumwona si kitu cha kuchezea. Halafu tarehe tisa Muhangi akapita na ng'ombe wake wakitoka josho, simu ikalia, akasimama kuongea bei ya maziwa. Ng'ombe mmoja mwekundu, Bihogo, kiongozi wao kwa uroho, akaipita miramura. Hii ni mimea ya mpaka, Protase aliipanda kuzunguka kipande chote, na kwetu hakuna mtu mwenye akili anayeivuka bila hodi. Bihogo hakufundishwa. Wenzake wakamfuata. Muhangi alipomaliza kuongea, Krismasi ilikuwa tumboni.

Kesi ilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Byarugaba, ambaye aliisikiliza akiwa amefumba macho, kama kawaida yake kesi ikiwa ya wanawake.

“Unataka alipe shilingi ngapi?” aliuliza.

“Nikatandaze noti sakafuni?” Kokushubira akasema. “Nataka nyasi. Mafungu kumi na mawili, laini, zisizo na miiba wala mbegu za kushika nguo, kabla ya jua la tarehe ishirini na nne kuzama.”

“Na ukikosa?” Byarugaba akamgeukia Muhangi.

“Sitakosa, mzee. Sisi wafugaji wa Songambele nyasi tunazijua. Ndiyo kazi yetu.” Halafu akamgeukia Kokushubira na kuinama. “Mama, shikamoo.”

Kokushubira alitazama dari.

Muhangi akamfuata mpaka nje, akamwamkia tena, naye Kokushubira akapita. Tarehe kumi na sita walikutana mashineni kwenye kusaga. Muhangi akamwamkia mbele ya watu wote. Mama akamwuliza mwenye mashine kama unga wake uko tayari. Nilimwambia jioni, “Wewe mama, kumnyima mtu marahaba ni dhambi.” Akanijibu, “Sijamnyima. Nimemwekea.”

Tarehe ishirini na nne asubuhi Kokushubira alifunga mlango akaenda kanisani kuosha mabenchi na kupanga maua kwenye makopo. Aliniachia ujumbe: “Mama Kobugabe, yule mchungaji wako akija na nyasi, mwambie azizungushe mlango wa nyuma.” Nikasema sawa. Halafu nikaenda kisimani, nikakuta foleni, nikasahau. Hilo ni kosa langu na nimeshaliungama.

Kumbe Muhangi alikuja saa tatu na gari la maziwa. Alikuwa amekata nyasi siku mbili, yeye mwenyewe, huko mabondeni anakojua yeye, nyasi laini kama nywele za mtoto. Akakuta mlango umefungwa. Sasa, wafugaji wana adabu yao: nyumba isiyo na mwenyewe huzunguki nyuma, watasema umekuja kuiba. Kwa hiyo akashusha mzigo pale pale mbele ya mlango. Tena wafugaji wanajua nyasi mbichi zikikaa zimefungwa zinapata moto na kuharibika. Kwa hiyo akafungua mafungu yote, akazimwaga na kuzitawanya, kuanzia kizingiti mpaka katikati ya uwanja. Alipomaliza, kwa kuwa hakulala vizuri, akakaa chini kando ya lundo, kofia ameiweka pembeni, kichwa ameinamisha juu ya magoti.

Kila alichofanya kilikuwa cha adabu. Na kila kitu kilikuwa msiba mtupu.

Kwetu nyasi za sikukuu haziingii hivyo. Zinakuja zimefungwa, juu ya kichwa, zinapita mlango wa nyuma, na zinalazwa kwa mpangilio, upande wa mzizi ukitazama ukuta. Nyasi zinazomwagwa ovyo mbele ya mlango uliofungwa, mchana, zikatawanyika uwanja mzima ili watu wengi wakae, hizo ni za kitu kimoja tu: matanga. Weka na mwanamume kando yake, kichwa wazi, ameinama.

Nilitokea kwenye migomba na ndoo yangu kichwani, nikaona. Watu wanauliza hadi leo nani alianza kupiga yowe. Alikuwa mtu fulani aliyekuwa na ndoo ya maji, na ndoo ilipasuka, na sitaongeza neno.

Kwetu mtu haulizi kwanza. Unalia kwanza, kuuliza kunafuata baadaye, maana kumwuliza mfiwa “amekufa nani” kabla ya kulia ni kama kumwuliza mwenye njaa njaa ni kitu gani. Yowe likajibiwa ng'ambo ya bonde. Likajibiwa tena. Wanawake wakafunga vitambaa vichwani, wakaja na kuni. Wanaume wakaja na mikungu ya ndizi mabegani, ile ile waliyokuwa wamekata kwa Krismasi. Mzee mmoja alikuja na dumu la lubisi, pombe yetu ya ndizi, alilokuwa ameliivisha siku tano, akilia kwa ajili ya Kokushubira na kwa ajili ya dumu kwa wakati mmoja. Ndani ya saa moja uwanja ulikuwa umejaa, tumekaa juu ya nyasi, tunamlilia.

Na Muhangi? Aliamka usingizini akakuta watu wanalia pande zote. Akamwuliza jirani yake, naye kwa kwikwi akamwambia, “Kokushubira ametutoka.” Muhangi akashika kichwa. Akalia kuliko wote. “Nimechelewa!” alikuwa akisema. “Nimechelewa kumlipa mama wa watu! Amekwenda na deni langu!” Sisi tukasema, ona jinsi wafugaji walivyo na huruma.

“Alikuwa mkali,” mwanamke mmoja akasema akifuta kamasi, “lakini alikuwa na mkono wazi.”

“Alikuwa mkali,” mwenzake akaitikia.

“Mkali sana.”

“Mimi aliwahi kuniambia uji wangu ungefaa kupaka ukuta.”

“Na ulifaa?”

“Ulifaa.” Wakalia tena.

Hapo ndipo bodaboda mbili zikaingia. Ya kwanza ilimbeba Novath na sanduku, ya pili mke wake na Vero. Walitoka stendi ya Nyaishozi wakiwa na furaha. Novath alikuwa amempigia mama yake simu kutoka barabarani na haikupokelewa, akajua yuko kazini tu. Simu ya Kokushubira ilikuwa ndani ya ndoo ya matambara, kanisani. Novath akaona uwanja, akaona nyasi, akaona vitambaa vichwani. Mtoto wa Kibingo ni mtoto wa Kibingo, hata umpeleke Dodoma miaka sita. Hakuuliza. Alishuka pikipiki ikiwa bado inatembea, akapiga magoti kwenye zile nyasi, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo tangu utotoni.

“Mama! Mama yangu! Nilisema mwaka ujao! Kila mwaka nikasema mwaka ujao!”

Tukamshika mabega. Mke wake alisimama na mkoba mkononi. Vero, maskini, alikuwa akitutazama sisi wote kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Halafu nyuma yetu, kutoka kwenye kijia cha kanisani, mtu akakohoa.

“Nani amekufa kwangu na mimi sijaambiwa?”

Kokushubira. Ndoo mkononi, jani la mgomba juu ya kichwa kwa ajili ya manyunyu, na sura ya mtu aliyekuta mbuzi jikoni.

Sitaweza kuandika kelele zote. Mzee Byarugaba, mwenyekiti wetu, aliruka benchi. Yule wa uji alikimbilia kwenye kahawa, akarudi, akakimbia tena. Muhangi alipiga ishara ya msalaba, na yeye anasali kwa Waanglikana.

Kokushubira alituzunguka akitutazama mmoja mmoja. Akatazama nyasi. Akatazama kuni. Akamtazama Muhangi na kofia yake chini. Ana akili upesi mama yule, hakuhitaji kuelezwa.

“Mmekuja kunizika,” akasema. “Mbona mmechelewa? Saa tano hii. Nani amechemsha maji? Hakuna. Nani amewaza chumvi? Hakuna. Siku nikifa kweli nitalazimika kuamka nipike mwenyewe.”

Ndipo akamwona Novath, ambaye alikuwa bado amepiga magoti, mdomo wazi, machozi yanatiririka bila yeye kujua kwamba kazi yake imekwisha.

“Na huyu?”

“Mama,” Novath akasema.

“Kumbe nikifa unapata nauli.”

“Mama…”

“Ni vizuri kujua. Mwaka ujao nitakufa mwezi wa kumi na moja ili ukate tiketi mapema.” Lakini kabla hajamaliza kusema alikuwa tayari amekaa chini, kwenye nyasi, kichwa cha mtoto wake kifuani mwake. Walikaa hivyo. Watu wengine walitazama migomba.

Aliyesema kwanza ni Vero. Alikuwa ameinama, ameokota nyasi viganjani, anazinusa.

“Bibi, hizi ndizo zenyewe?”

Kokushubira akamtazama mjukuu wake kwa mara ya kwanza. “Ndizo, mama yangu. Njoo. Biringika.”

“Hapa hapa? Na watu wote hawa?”

“Hawa walikuwa wanatoka.”

Mtoto akajitupa. Uwanja ulipasuka kwa vicheko, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka tena kwamba ulikuwa msiba. Wanawake wakaanza kufungua vitambaa vichwani na kuangalia mikungu yao kwa macho ya pembeni. Mmoja akaushika wake kama anataka kuondoka nao.

“Weka chini,” Kokushubira akasema bila kugeuka. “Umekiri mbele ya watu kwamba nilikuwa na mkono wazi. Ndizi mmezileta kwangu, kesho mje mzile kwangu. Mzee, hilo dumu nalo.”

Yule mzee wa lubisi akaweka dumu chini. Sasa alikuwa analia kwa ajili ya dumu peke yake.

Kisha Kokushubira akamgeukia Muhangi. “Umeleta mafungu mangapi?”

Mafungu yalikuwa yamefunguliwa, hakuna ambaye angeweza kujua. Muhangi angesema kumi na mawili na yangekuwa kumi na mawili. Alikunja kofia yake.

“Kumi na moja, mama. Nilikata kumi na mawili. Jana jioni niliyaweka kando ya zizi. Bihogo akavunja mlango, akala moja.”

“Yule yule?”

“Yule yule.”

Watu walicheka mpaka wakashikana. Kokushubira hakucheka. Nilimwona macho yake yakienda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, yakarudi.

“Deni lipo,” akasema.

“Lipo, mama. Shikamoo.”

Akajishughulisha na kukung'uta kanga yake.

Sijawahi kuona kazi ya nyasi ikienda haraka kama siku ile. Kwa kawaida anabeba mwenyewe, anatandaza mwenyewe siku mbili. Safari hii alikuwa na waombolezaji zaidi ya hamsini ambao hawakuwa na msiba wa kufanya. Tulizifunga upya. Nyingine zikaenda kigangoni, nyingine kwa majirani. Novath alimpelekea Bibi Immaculata fungu lake, na bibi, kabla ya kumwuliza ni nani, akasema, “Mwaka huu zinanukia mbali, si za hapa.” Kokushubira mwenyewe alimfundisha mkwe wake ndani: mzizi ukutani, ncha katikati, unakwenda kinyumenyume ili usizikanyage, hivyo, si hivyo, sasa umepata. Mkwe akavua viatu vyake vya mjini bila kuambiwa. Nikajua atawezekana.

Krismasi yenyewe sina haja ya kuisimulia sana. Tulikula mikungu ya msiba. Tulikunywa lubisi ya msiba, na mwenye dumu akapewa kikombe cha kwanza, akapona. Kahawa ya kutafuna ilizunguka ikiwa imefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba, kila mgeni akachukua punje zake. Vero alikuwa ameingia kwenye nyasi asubuhi na hakuonekana tena isipokuwa miguu. Mke wa Novath alitoa kwenye sanduku mti mdogo wa plastiki wenye taa, akamwuliza mama mkwe kwa woga mahali pa kuuweka. Kokushubira aliuzunguka, akaugusa, akaunusa.

“Huu haunuki kitu.”

“Hapana, mama. Ni wa plastiki.”

“Basi hauna kosa. Uwekeni pale, chini ya kamba ya baba yenu, uone jinsi nyasi zinavyofanya kazi.”

Jioni, kabla jua halijazama, nilimwona akienda nyuma kwenye migomba mikono mitupu. Alisimama pale kaburini. Angeweza kuchukua nyasi kidogo kutoka sebuleni, zilikuwa nyingi mpaka magotini. Nilimwambia hivyo aliporudi. Akasema, “Zile za ndani ni za waliomo ndani. Sinyang'anyi mgeni kumpa mume.” Halafu akaongeza, polepole, “Mwaka wa kwanza kukosa.” Hakutania baada ya hapo, akaenda kulala mapema.

Tarehe ishirini na sita, saa tatu asubuhi, Muhangi akafika. Alikuja kwa miguu. Fungu la kumi na mbili lilikuwa kichwani, limefungwa kwa kamba za mgomba, limekazwa vizuri, na alipofika uwanjani hakuja mlango wa mbele. Alizunguka. Mtu alikuwa amemfundisha.

Alitukuta jikoni, mimi na Kokushubira na Novath, tunamenya ndizi. Nyuma yake, mbali kidogo, akija kwa hiari yake mwenyewe, alikuwa Bihogo, anafuata fungu kwa pua.

“Mama,” Muhangi akasema, “nimemrudisha nyumbani mara mbili. Ananifuata.”

Kokushubira aliweka kisu chini. Akatoka nje, akasimama kati ya mtu na ng'ombe. Akamtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu, toka pembe mpaka kwato. Ni ng'ombe mzuri, lazima niseme ukweli, mwekundu kama kahawa iliyoiva.

“Unajua fungu hili ni la nani?” akamwuliza Muhangi.

“Hapana, mama.”

“La mume wangu. Alilitunza shamba lile la nyasi miaka thelathini akimngoja ng'ombe. Watu wakamcheka, hata Novath huyu shuleni wakamcheka kwa ajili yake.” Novath akainamisha kichwa. “Hakuwahi kulisha hata mmoja.”

Muhangi alilisawazisha fungu kichwani.

“Nilikesha jana usiku nikimwambia Protase kwamba fungu lake limeliwa na ng'ombe,” Kokushubira akasema. “Na unajua nilisikia nini? Nilisikia mzee yule anacheka. Alikuwa na kicheko kibaya, kama mtu anayesaga mawe.” Akapokea fungu kutoka kichwani kwa Muhangi. Nilidhani atalipeleka kaburini. Alitembea nalo mpaka pale, kweli, na Bihogo nyuma yake, na sisi nyuma ya Bihogo. Akakata kamba, akalitandaza juu ya kaburi, mzizi huku, ncha kule, taratibu, kama kila mwaka. Halafu akasogea pembeni.

“Haya,” akamwambia Bihogo. “Mwenyewe amekukaribisha.”

Bihogo hakuambiwa mara mbili. Tulisimama tukimsikiliza anavyotafuna. Novath alijifuta uso na kiganja, na Vero akaja na nyasi kwenye nywele akauliza kwa nini ng'ombe anamla babu, tukamweleza kwamba hamli babu.

Kokushubira aliingia ndani akarudi na kamba ya katani, ile ya msumarini. Akamrushia Muhangi kifuani.

“Mfunge nayo. Imengoja kazi miaka mingi. Na mwaka ujao nikimkuta kwenye nyasi zangu, nitakufunga wewe.”

Muhangi aliishika ile kamba kwa mikono miwili. Akavua kofia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” Kokushubira akasema. “Ya leo. Na ya siku ya kwanza kule njiani, marahaba. Ya kwa mwenyekiti. Ya mashineni. Ya juzi na nyasi zako za msiba.” Akafikiri. “Nimesahau yoyote?”

“Nje kwa mwenyekiti uliniruka tena, mama.”

“Marahaba,” akasema, akarudi jikoni kwenye ndizi zake.